Kitambaa Kisichofuliwa

"Funga mlango," Shukri alisema.

Ilikuwa Agosti, mchana wa jua kali, na walikuwa wamekaa ndani ya banda la tumbaku ambamo hata nzi walikuwa wamekata tamaa ya kuruka. Mkewe, Ramize, hakuinua kichwa. Alikuwa na sindano ndefu ya kutungia mkononi na rundo la majani mapajani, na vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa utomvu.

"Tukiufunga mlango huo tutakauka humu pamoja na tumbaku," alimjibu. "Wewe tunga. Usitafute visingizio."

"Funga, nakwambia. Kuna upepo."

Hapakuwa na upepo. Kamba za majani zilizotundikwa darini zilining'inia kimya kabisa. Nje, nguo zilizoanikwa zilikuwa zimetulia utadhani zimepigiliwa misumari.

Mama yake Shukri, Bi Zeynepa, aliyekuwa amekaa kwenye mto wake karibu na ukuta, aliacha kutunga. Ramize alikuwa ameishi na mama mkwe huyu tangu alipoolewa na hakuwahi kumwona akiacha jani katikati ya sindano. Mwanamke huyo alitunga tumbaku hata siku aliyong'olewa jino.

"Upepo wa namna gani, mwanangu?" aliuliza polepole.

"Wa baridi, mama. Unanipiga hapa mguuni." Na meno yake yakaanza kugongana.

Ramize alicheka. Baadaye alikuja kukijutia kicheko hicho, lakini wakati ule kilimtoka tu, maana mumewe ni pande la mtu, na pande la mtu linalotetemeka kwa baridi mwezi wa Agosti linachekesha. Kisha akainama, akampandisha suruali aone, na kicheko kikaisha.

Mguu ulikuwa umeiva. Kutoka kifundo hadi katikati ya muundi, ngozi ilikuwa nyekundu ya kung'aa, imevutika, ina moto wa kuusikia kabla hujagusa. Pale wekundu ulipokoma palikuwa na ukingo ulioinuka kidogo kama pindo la nguo. Alfajiri, walipokuwa wakichuma majani kwenye umande, mguu ule ulikuwa mguu wa kawaida. Kitu pekee alichokuwa akilalamikia ni muwasho katikati ya vidole, ambao alikuwa nao kiangazi chote kwa sababu ya buti za mpira, na ambao kwetu hakuna anayeuita ugonjwa. Unajikuna, ngozi inapasuka, unajikuna tena.

"Usiguse!" Bi Zeynepa alikuwa amekwisha simama. "Mwingize ndani. Funga madirisha yote. Mimi naenda kutoa kitambaa."

Sisi watu wa Drenka tuna mambo mengi tusiyokubaliana: nani alisogeza mpaka wa malisho, nani anaoka klin, pai yetu ya wali na jibini, tamu kuliko mwenzake, nani alikuwa wa kwanza kuleta trekta huku mlimani. Kuhusu Upepo Mwekundu hatubishani. Anayetaka kucheka acheke, huyo ana lami mpaka mlangoni kwake na daktari karibu. Wazee wetu walituambia kwamba ni jini la kike, linapita milimani wakati wa tumbaku, na likimpenda mtu humpulizia mguuni au usoni, na lilipopulizia panawaka. Likishaingia nyumbani halitajwi kwa jina, linaitwa Mgeni. Mgeni hapewi maji, yaani mguu hauoshwi. Mgeni hachomwi sindano, maana akipata tundu atalifuata hadi moyoni. Na Mgeni haahidiwi kitu, hata kwa utani, hata kwa uchungu. Unafunga pale mahali kwa kitambaa chekundu, unangoja aione rangi yake mwenyewe, aridhike, aondoke.

Kitambaa cha Bi Zeynepa kilikuwa maarufu. Kilikuwa cha sufu, kilifumwa na mama wa mama yake, na hakikuwahi kufuliwa tangu kitoke mikononi mwake, kwa sababu kukifua ni kummwagia Mgeni maji usoni. Kilikuwa kimefungwa kwenye miguu ya nusu ya kijiji. Wengi walipona. Salih, mume wa Bi Zeynepa, alikufa nacho mguuni, na watu walisema kilifungwa kwa kuchelewa, maana watu lazima waseme kitu.

Kilipotoka sandukuni, Ramize alisikia harufu. Ilikuwa harufu ya sufu iliyosahauliwa chini ya pasi ya moto.

"Mama, kimeungua?"

"Shika mguu," Bi Zeynepa alisema. "Na usiongee."

Chumba kilifungwa, blanketi likatundikwa dirishani, na mchana ukageuka kuwa giza lenye wekundu. Shukri alilala akiungua, akitapika chai, akiomba blanketi lingine. Ramize alikaa kwenye kigoda kando yake akimfuta jasho la usoni. Ndipo alipoanza kusikia.

Tsip.

Kila mtu wa kwetu anaijua sauti hiyo tangu tumboni mwa mama yake. Ni sauti ya sindano ikipenya shina la jani. Tsip, jani linavutwa kwenye uzi, halafu tsip tena. Ramize alidhani mama mkwe amerudi bandani, na akamwonea huruma, kikongwe wa watu, anajipa kazi ili asilie. Kisha Bi Zeynepa akaingia kutoka jikoni na bakuli la mtindi mkononi, na sauti haikukoma.

Ilitoka miguuni pa kitanda.

"Mama," Ramize alinong'ona. "Unasikia?"

Kikongwe aliweka bakuli chini taratibu sana. "Sisikii kitu," alisema. "Na wewe husikii kitu. Umenielewa?"

"Anatunga," Shukri alisema kutoka kwenye mto, macho yamefumba.

"Nani anatunga, mume wangu?"

"Huyo mwanamke. Huyo aliyekaa miguuni pangu." Alimeza mate kwa shida. "Ana mkono mwepesi. Hata mama hamfikii."

Ramize hakutaka kuuliza, na akauliza. "Anatunga nini? Humu hamna tumbaku."

Shukri aliukunja mguu wake, akauvuta juu ya godoro kadiri alivyoweza, akaanza kulia, yeye ambaye hakutoa chozi hata siku aliyomzika baba yake.

Kesho yake wekundu ulikuwa umelipita goti. Ramize alingoja mama mkwe atoke kumpa mbuzi majani, akafungua kitambaa. Ndani kilikuwa na joto na unyevu, na kiling'ang'ania ngozi kama hakitaki kutoka. Chini yake palikuwa na malengelenge yenye maji ya njano. Alipompapasa mumewe kinenani alikuta mtoki umevimba, mgumu, na Shukri akapiga kelele. Lakini kilichomfanya Ramize azibe mdomo kwa kiganja ni kitu kingine. Kuzunguka muundi wote, kwa mstari ulionyooka, palikuwa na vitundu vidogo vidogo vimepangana kimoja baada ya kingine, kwa nafasi ile ile ambayo mtungaji mzuri huiacha kati ya jani na jani.

"Namwita Emine," alisema mama mkwe aliporudi.

Emine ni tabibu wa zahanati yetu. Alikaa dawati moja na Ramize tangu darasa la kwanza, na anavuta sigara kuliko wanaume wote wa Drenka, na hakuna anayethubutu kumwambia kitu.

"Emine ana sindano," Bi Zeynepa alisema.

"Ndiyo maana namwita."

"Ramize, mwanangu, nisikilize." Hakupiga kelele, afadhali angepiga. "Salih alichomwa sindano. Wewe ulikuwa hujaja hapa bado. Niliwaruhusu mimi mwenyewe. Walimchoma asubuhi, na jioni nilikuwa namfunga kidevu. Unadhani nataka kumzika na huyu?"

"Alikuwa amelala na kitambaa siku ngapi kabla hawajamchoma?"

Kikongwe aliangalia pembeni.

"Siku ngapi, mama?"

"Nyingi," alisema. "Zilikuwa nyingi."

Wakakubaliana aitwe kwanza Shehe Isuf, maana Shehe hana sindano. Alikuja, akaketi, akasoma kwa sauti yake nzuri, na wakati wote aliosoma chumba kilikuwa kimya. Aliposema amina, pale pale, kama mtu aliyekuwa amesimamisha kazi kwa adabu tu, sauti ikaendelea. Tsip. Tsip. Ramize alimwona Shehe akigeuza macho kuelekea miguuni pa kitanda na rangi ikimtoka usoni.

"Bi Zeynepa," alisema, "mimi nimefanya la kwangu. Sasa mpeni Emine afanye lake."

"Sindano, Shehe?"

"Mwaka ule wa jipu nilichomwa makalio yote mawili, na bado nasimama mbele yenu kila Ijumaa. Aliyeumba majini ndiye aliyeumba na penisilini."

"Jipu si Mgeni."

"Na mimi si tabibu," Shehe alisema, akivaa viatu haraka kuliko inavyomfaa mtu wa umri wake.

Bi Zeynepa akaufunga mlango wa nje kwa ufunguo, akautia kifuani, akaenda chumba cha pili kusali alasiri. Ramize akabaki na mumewe.

Shukri hakuwa anamtambua tena. Alimwita kwa jina la dada yake, alimuuliza kama mbuzi wamerudi, alimwomba amwambie yule mwanamke apumzike kidogo, amechoka, ameshatunga vya kutosha. Na ile harufu ya sufu inayoungua ikawa nzito hata Ramize akaionja ulimini, na sauti ikaanza kwenda mbio, tsip tsip tsip, hapana tena nafasi ya kuvuta uzi, na kila iliposikika Shukri alishtuka kama aliyechomwa, na wekundu, Ramize aliuona kwa macho yake katika giza lile, ulikuwa unatambaa juu ya paja kama maji yanavyotambaa kwenye nguo, na yeye akamshika mumewe mabega, akamvuta kwake, akamvuta kama kwamba kuna mtu anayemvuta upande wa pili, na akiwa amemkumbatia hivyo, huku akijua kabisa anachokifanya na huku hajui, akasema kwa sauti, "Mwache. Mwache huyu, nichukue mimi."

Sauti ikakoma.

Kimya kile kilikuwa kibaya kuliko sauti. Halafu kitu chepesi na baridi kikampita Ramize kwenye shavu la mguu, chini ya sketi, taratibu, kama kidole kinachopima kitambaa sokoni.

Hakusubiri ufunguo. Aling'oa blanketi, akatoka kupitia dirishani, akakimbia pekupeku mpaka zahanati.

Walipofika pamoja, Bi Zeynepa alikuwa amekwisha kugundua, na mlango wa nje aliuacha wazi alipotoka kumtafuta. Alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba, mikono ameipanua, mwanamke mdogo mwembamba ambaye Emine angeweza kumbeba kwa mkono mmoja.

"Bi Zeynepa," Emine alisema akihema, "umeshika sindano tangu hujajua kusuka nywele zako mwenyewe. Leo ndiyo unaogopa hiki kisindano changu?"

"Usinitanie, Emine. Ukimchoma atakufa."

"Ukiendelea kusimama hapo ndiyo atakufa." Utani ulikuwa umekwisha. "Mzee Salih hakuuawa na sindano, mama yangu. Nilikuwa mwanafunzi, niliuona mguu wake. Sindano ilimkuta amekwisha kwenda."

Bi Zeynepa alifungua mdomo kujibu, na kutoka ndani wakamsikia Shukri, kwa sauti ndogo ya mtoto, "Mama. Mwambie asipande. Anapanda, mama."

Mikono ya kikongwe ikashuka. Akasogea pembeni.

Emine alifungua dirisha lote kwanza. Mwanga ukaingia, na hewa. Alimpima Shukri joto na mapigo, akampima na presha, akakunja uso. Alikata kitambaa kwa mkasi na kukitupa sakafuni, na Ramize aliapa baadaye kwamba kilipoanguka kilitoa mshindo wa kitu kizito. Akauliza kama Shukri amewahi kuvimba au kubanwa pumzi kwa dawa yoyote. Kisha akapanua vidole vya mguu, kimoja kimoja, mpaka akafika kati ya kile kidogo na jirani yake, ambapo ngozi ilikuwa nyeupe, imelowa, imepasuka hadi nyama.

"Mlango wenu huu hapa," alisema. "Ni fangasi za buti tu, mnazicheka kila mwaka. Pakipasuka hivi, vijidudu vinaingia. Leo mguu unawaka, kesho damu yote. Mtu akianza kutetemeka na ngozi ikawa nyekundu yenye ukingo kama huu, hangojewi hata saa moja. Mnanisikia?"

Alitoa kalamu ya wino wa bluu, akachora mstari pale pale wekundu ulipokomea, kuzunguka paja lote, na kando yake akaandika kwa herufi zake za mviringo: Jumatano. Ndivyo anavyofanya siku zote, ili aone kama ugonjwa unasonga au unarudi. Akapiga simu mjini, akagombana na mtu, akaambiwa mawe yameanguka barabarani na gari litachelewa. "Njooni hata kwa miguu," alisema, akakata. Akatundika dripu kwenye msumari wa picha ya harusi, akavunja shingo ya kichupa, akavuta dawa.

Sindano ilipoingia, sauti ikaanza upya, mbio, kwa hasira.

Emine aliinua kichwa. "Nani anatunga tumbaku saa hizi?"

Aliangalia uso wa Ramize, akauangalia wa Bi Zeynepa, akauliza tena kwa kunong'ona, "Nani anatunga?" Halafu akafanya jambo ambalo mimi nitamheshimu kwalo mpaka nife: akarudisha macho kwenye kazi yake, akaisukuma dawa polepole mpaka ikaisha.

Wakakaa watatu kuutazama mstari. Wekundu ulikuwa umefika kwenye wino. Ulijaa pale, ukavimba, ukasukuma, na Bi Zeynepa alikuwa ameushika mkono wa Ramize kwa nguvu hata kucha zikaacha alama. Haukuvuka. Gari lilipofika jioni, na Shukri akabebwa, Emine na Ramize wakapanda naye, haukuwa umevuka bado.

"Hicho kitambaa," Emine alimwambia Bi Zeynepa kupitia dirisha la gari, "kitu hicho kimebeba usaha wa miguu ya kijiji kizima. Kichemshe au kichome moto. Usikirudishe sandukuni."

Alikichemsha. Sisi majirani tulisimama uani tukatazama, hatukuona aibu. Alilitoa lile sufuria kubwa la kupikia jemu ya maboga, akaligubika mfuniko, akaweka jiwe juu, na maji yalipopamba moto tukasikia mle ndani kitu kinagonga chuma, tsip, tsip, tsip, kisha mlio mrefu mwembamba uliotufanya tuzibe masikio na mbwa wote wa Drenka wakabweka kwa pamoja. Bi Zeynepa hakuondoka. Alikuwa amelikalia jiwe mwenyewe, mvuke unamchoma, machozi yanamtiririka, anaita jina la Salih. Kulipotulia alifunua. Maji yalikuwa mekundu kama divai. Kitambaa alikitoa kwa kijiti, kikiwa cheupe kabisa.

Tukasema Mgeni amekwenda. Tukala, tukalala, tukasema amekwenda.

Shukri alirudi kutoka hospitali amekonda, anachechemea, anapenda kusimulia. Emine alimwekea sheria: soksi za pamba, miguu ikaushwe mpaka katikati ya vidole, dawa ya fangasi kila siku, buti zianikwe juani. Alizifuata kama mtawa. Jioni alikaa barazani amepaka vidole vyake dawa na kuvitanua kama bata, na Ramize akicheka, alimwambia, "Cheka tu. Hii miguu ina daktari wake." Na Ramize alicheka kwa furaha halisi, maana alikuwa amempata mume wake tena, na hicho ndicho alichokuwa amekiomba.

Hakumwambia mtu alichokuwa amekisema mle chumbani. Alijiambia kwamba kilichemshwa pamoja na mengine.

Mwisho wa Septemba, kwenye mavuno ya mwisho, alikuwa anatunga na mama mkwe bandani. Ilikuwa Jumatano tena. Mguu ulikuwa umemfa ganzi, akaunyosha mbele ili damu ishuke, na sketi ikapanda kidogo. Kwenye shavu la mguu palikuwa na mstari wa wino wa bluu.

Ulikuwa mviringo uliofungwa vizuri, ukubwa wa kiganja. Ndani yake ngozi ilikuwa safi, nyeupe, haina hata kipele. Na kando ya mstari, kwa herufi za mviringo, paliandikwa: Ijumaa.

Wazo la kwanza lilikuwa ni Shukri na utani wake. Alitema mate kwenye kidole akasugua. Wino haukufifia. Alisugua kwa ukingo wa aproni mpaka ngozi ikauma, na wino ulikuwa pale pale, na hapo akaelewa kwamba hauko juu ya ngozi, uko chini yake.

Alipoinua macho, Bi Zeynepa alikuwa ameacha jani katikati ya sindano.

"Ulimwahidi nini?" kikongwe aliuliza.

Ramize alitikisa kichwa tu, na machozi yakamwagika.

Alingoja kugombezwa. Alingoja kuambiwa nilikwambia, na alistahili kuambiwa. Bi Zeynepa alijiinua kutoka kwenye mto wake, akayakung'uta majani mapajani, akaenda mlangoni akarudi na viatu vya Ramize, akapiga magoti, akaanza kumvisha mwenyewe.

"Mama, unafanya nini?"

"Twende kwa Emine. Twende ukachomwe hiyo sindano." Mikono yake ilikuwa inahangaika na kamba. "Imeandikwa Ijumaa. Sisi hatungoji Ijumaa. Safari hii hatungoji kitu. Simama, binti yangu."

Hakuwahi kumwita binti yangu kabla ya siku hiyo.

Walipita kwenye barabara ya juu wakishikana mikono, na tuliowaona tulidhani wanakwenda msibani. Zahanatini, Emine alizima sigara, akawatuliza, akamkalisha Ramize kitandani, akafunga mlango na kuuwekea ufunguo ili asiingie mtu. Alimvua viatu. Alipanua vidole vya miguu, kimoja kimoja, miguu yote miwili. Alitafuta ufa, mkwaruzo, alama ya mbu.

"Hakuna pa kuingilia," alisema. "Ngozi yako nzima kabisa. Joto huna. Mstari huu nani kakuchora?"

"Si wewe?"

"Mimi sijakugusa tangu Agosti." Aliloweka pamba kwenye spiriti, akasugua, akaitazama pamba. Ilikuwa safi. Alisugua tena, kwa nguvu zaidi.

"Mpe dawa," Bi Zeynepa alisema. "Usiulize, mwanangu. Mpe dawa kabla ya Ijumaa."

"Ijumaa gani?"

"Si imeandikwa hapo! Ijumaa."

Emine aliinama karibu, akasogeza taa. Alikaa ameinama hivyo muda mrefu, na alipozungumza alikuwa ananong'ona.

"Bi Zeynepa, hapa hapajaandikwa Ijumaa."

Ramize aliuvuta mguu wake aone mwenyewe. Herufi zilikuwa zile zile za mviringo, wino ule ule wa bluu, lakini neno lilikuwa fupi zaidi. Liliandikwa: Leo.

Ndani ya mviringo ngozi ilikuwa imeanza kupata rangi. Harufu ya sufu inayoungua ilijaa chumbani, na Emine akageuka, akafungua kabati kwa mikono yote miwili, akitafuta kichupa, huku Bi Zeynepa akimkumbatia mkwewe kwa nyuma, mikono yake imemzunguka kifua kama alivyomshika Salih zamani na hakuweza kumzuia. Alimsikia Ramize akianza kutetemeka. Alisikia meno yake yakigongana.

"Emine," Ramize alisema. "Funga mlango. Kuna upepo."

"Umefungwa, shoga yangu," Emine alijibu bila kugeuka, na alikuwa tayari anavunja shingo ya kichupa. "Umefungwa. Nipe mkono."